OpenPort 2.0: waya wa kuanzia kwa Subaru inayovuta leo na kugoma kesho

Gari likikosa nguvu kila siku, fundi mwenye subira ataupata ugonjwa. Kazi ngumu iko kwa lile linalovuta vizuri asubuhi, mchana likawa zito kama limefungiwa gogo nyuma, na likifika gereji linanguruma kana kwamba halijawahi kuugua. Wenye Impreza WRX, STI na Forester za tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini) zilizoongezewa nguvu wanaijua safari inayofuata: plagi mpya, halafu koili, halafu pampu ya mafuta, halafu sensa ya hewa, na mwisho tabo nzima ya mtumba kutoka Japani. Pesa imekwisha, uzito uko palepale.

OpenPort 2.0 inaikata safari hiyo mapema. Ni waya wa kampuni ya Tactrix ya Marekani. Upande mmoja unachomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi, upande wa pili unaingia kwenye USB ya laptopu. Ukiutumia pamoja na RomRaider, programu ya bure, unasoma namba zilezile ambazo kompyuta ya injini inazitumia kufanya maamuzi, na unaziandika kwenye faili mara nyingi kwa sekunde. Hukumu yangu naitoa mwanzoni: kwa Subaru ya tabo, hasa zile za soko la Japani za kizazi cha Impreza cha 2000 hadi 2007, hiki ndicho kitu cha kwanza kununua, kabla ya kipuri chochote. Kina kasoro, nazo zitatajwa.

Vile vidude vidogo vya Bluetooth vya ELM327 vinavyouzwa kwa bei chee vinafaa kwenye magari yanayofuata OBD2, lugha ya pamoja ya uchunguzi wa magari, sawasawa. Subaru nyingi za Japani za miaka hiyo zina soketi ya umbo lilelile, lakini kompyuta yao inazungumza lugha ya Subaru yenyewe, SSM, na programu za kawaida za simu haziijui. Hata pale kidude kinapojibiwa, utapewa kasi ya injini, joto la maji na kiasi cha hewa. Hupewi yale matatu yanayoamua kesi ya gari la tabo: asilimia ambayo kompyuta inaamuru kwenye mlango wa tabo, taimingi (wakati wa kutoa cheche) inayorudishwa nyuma injini inapogonga, yaani petroli ikilipuka ovyo ndani ya silinda, na kipimo kiitwacho IAM, imani ya kompyuta kwa mafuta ya tangini. Kusubiri taa ya injini iwake nako hakusaidii. Taa huwaka pale kipimo kinapokaa nje ya mipaka kwa muda uliowekwa. Mpira wa hewa unaoachia nusu sekunde presha inapojaa haufiki huko.

Kuuandaa

Tenga jioni moja yenye utulivu. Weka kwanza EcuFlash, programu ya kuandika upya kompyuta ya injini, hata kama hutaitumia, kwa sababu draiva za waya zimo ndani yake. Kisha weka Java ya biti 32. Hapa ndipo wengi wanapokwama: laptopu ni ya biti 64, wanaiwekea Java ya biti 64, RomRaider haiuoni waya, na wanaamini wameuziwa feki. Tatu, pakua faili la logger.xml, ambalo halimo kwenye programu. Bila hilo RomRaider haijui namba gani inakaa kwenye anwani gani. Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, subiri namba ya utambulisho ya kompyuta itokee, na uko tayari.

Kwa kusoma tu, ziache zile soketi za kijani zinazoning'inia chini ya dashibodi. Ni za hali ya majaribio na za kuandika upya kompyuta. Ukiziunganisha na kufungua swichi, feni na pampu ya mafuta zitaanza kuwaka na kuzima zenyewe kwa zamu, na mtu asiyejua atadhani ameunguza kitu.

Ulafi wa namba

RomRaider inaorodhesha makumi ya vipimo, na mgeni huweka alama kwenye vyote. Hilo linaharibu kazi nzima. Laini ya K ya Subaru hizi, waya wa mawasiliano kwenye soketi ya uchunguzi, inapitisha biti 4,800 kwa sekunde, yaani baiti 480 hivi. Kila anwani unayoiomba inakula baiti tatu kwenye ombi na moja kwenye jibu, na vipimo kama kasi ya injini huchukua anwani mbili. Ukiomba anwani 10 utapata mistari kama 9 kwa sekunde. Ukiomba 30 unashuka hadi mitatu na nusu. Injini kwenye gia ya pili inatoka mizunguko 3,000 hadi 6,000 kwa sekunde tatu au nne tu, kwa hiyo sensa iliyokatika robo sekunde itapita katikati ya mistari miwili na faili litakuapia kwamba kila kitu kiko sawa. Washa Fast Polling: kompyuta inaombwa mara moja, halafu inaendelea kumimina majibu bila kuulizwa tena. Kwa anwani 10 zilezile, hesabu inakupeleka karibu na mistari 30 kwa sekunde.

Mzunguko wa kwanza unahitaji haya tu: kasi ya injini, Throttle Opening Angle, presha ya manifoldi, Mass Airflow kwa gramu kwa sekunde, Wastegate Duty Cycle (ile asilimia ya mlango wa tabo), Feedback Knock Correction (taimingi inayorudishwa nyuma), IAM, na zile mbili za marekebisho ya petroli, A/F Correction ya papo hapo na A/F Learning iliyojifunzwa. Volti ya betri na joto la maji viwekwe mzunguko wa pili, kama wa kwanza haukutoa jibu.

Kwa ugonjwa wa kuja na kuondoka, sifa kubwa ya waya huu ni tundu la kadi ya microSD. Unaandika orodha ya vipimo kwenye faili la logcfg.txt, unaiweka kadi, na waya unarekodi peke yake bila laptopu. Gari linaendeshwa kama kawaida, kazini na sokoni, hadi ugonjwa ujitokeze wenyewe. Ongeza kwenye orodha swichi ya kukausha kioo cha nyuma, Defogger Switch. Dereva akiusikia uzito anabonyeza kitufe hicho, na kwenye faili safu yake inaruka kutoka 0 hadi 1. Badala ya kupekua saa mbili za namba, unaenda moja kwa moja kwenye alama na kusoma sekunde kumi za kabla yake. Mbinu hii ndogo inaokoa muda kuliko kitu kingine chochote nilichokitaja.

Jaribio la kukanyaga mafuta hadi mwisho lifanyike kwenye dino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) au mahali palipofungwa, gia ya pili inatosha, na laptopu ishikwe na mtu wa pili. Barabara ya watu si mahali pake.

Kusoma: kompyuta inaomba, au imekataa?

Fungua faili la CSV kwenye LibreOffice Calc au Excel, chukua sehemu ambazo mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, na uchore mistari miwili kwanza: presha ya tabo na Wastegate Duty Cycle. Mlango wa tabo, ule unaopitisha moshi pembeni ili tabo isizidishe kasi, unafunguliwa na presha ya hewa. Kati ya presha hiyo na mlango kuna solenoidi, vali ya umeme, inayomwaga sehemu ya hewa isiufikie. Asilimia ikipanda, solenoidi inamwaga zaidi, mlango unachelewa kufunguka, na tabo inasukuma zaidi. Kwa hiyo mistari hiyo miwili inakuambia jambo ambalo hakuna sikio la fundi linaloweza kulisikia.

Presha iko chini na asilimia iko juu: kompyuta inaomba na haipewi. Hili ni tatizo la mabomba. Anza na mpira unaounganisha tabo na intakula (kipoza hewa) ya juu ya injini, ule wenye umbo la Y kwenye nyingi kati ya Subaru hizi, kisha mpira wa mlango wa hewa, kisha maungio ya plastiki na alumini kwenye intakula yenyewe, kisha vali ya kurudisha hewa. Mpira uliozeeka ukiwa baridi ni mgumu na unaziba. Injini ikipata moto unalainika, mpasuko unafunguka chini ya presha na kujifunga ukiachia mafuta. Ndiyo maana kuuangalia kwa macho gari likiwa limezimwa hakuonyeshi kitu.

Thibitisha kwa presha. Ziba mdomo wa kuingilia wa tabo kwa kipande cha bomba la plastiki kilichofunikwa upande mmoja na kutobolewa kuwekwa vali ya tairi, kaza kwa kilempu, na ujaze hewa kwa kompresa polepole hadi baa 1, usizidishe. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Fanya hivyo injini ikiwa ya moto. Jaribio la injini baridi limeshawadanganya wengi. Sauti kidogo kwenye kijiti cha oili ni kawaida, kwa kuwa hewa hupitia pistoni. Mapovu kwenye intakula si kawaida. Kumbuka pia kwamba kuanzia hapo unapima sehemu ya baada ya tabo tu. Mpira mrefu unaopita chini ya manifoldi kutoka kwenye kichujio hadi tabo hupasuka upande usioonekana, na huo unataka kuzibwa kule kwenye sensa ya hewa ndipo ujazwe.

Kuna kiziba kimoja kidogo kinachostahili aya yake. Kwenye mfumo wa solenoidi ya matundu mawili, ndani ya mpira mwembamba unaotoka tabo kwenda kwenye solenoidi mna kipande cha shaba chenye tundu la kama milimita 1. Mtu anapobadilisha mipira yote kwa silikoni ya rangi, mpira wa zamani unatupwa pamoja na kipande hicho. Bila hicho hewa inakuja nyingi kuliko solenoidi inavyoweza kumwaga, mlango unafunguka mapema, na presha inakwama kwenye nguvu ya springi ya mlango huo. Uzito wa aina hii hauji na kuondoka, upo siku zote. Ukiona ulianza siku ileile mipira ilipobadilishwa, usitafute pengine.

Presha iko chini na asilimia nayo iko sifuri au karibu: kompyuta imekataa yenyewe. Usiguse mipira. Angalia IAM. Hicho ni kipimo cha jinsi kompyuta inavyoyaamini mafuta yaliyomo tangini. Kwenye baadhi ya kompyuta hukamilika kwa 1, kwenye nyingine kwa 16. Injini ikigonga tena na tena, kompyuta inakishusha, inarudisha taimingi nyuma, na kikipita chini ya kiwango kilichoandikwa ndani yake inazima kabisa udhibiti wa presha. Gari linabaki na presha ya springi tu. Hakuna taa, hakuna moshi, hakuna sauti.

Hapa ndipo magari ya Japani yanapotusumbua. Kiwango cha Japani kinataka petroli ya daraja la juu isipungue oktani 96, na inayouzwa kule mara nyingi hufika 98 hadi 100. STI za Japani ziliandikiwa mafuta hayo. Petroli ya kawaida ya vituo vya Afrika Mashariki iko chini ya hapo, na tangi moja baya linatosha kuangusha IAM. Ukijaza mafuta mazuri kompyuta inajifunza upya na kuipandisha kidogokidogo. Hivyo uzito unafuata tangi na haufuati kipuri, na kipuri cha mwisho kubadilishwa ndicho kinachopewa sifa ya bure. Kuchomoa betri nako kunafuta kilichojifunzwa: gari linabadilika siku mbili, kisha linarudi pale lilipokuwa. Tiba ni kuandikiwa upya ramani ya kompyuta kulingana na mafuta unayoyapata kweli, na mtu anayeijua Subaru.

Feedback Knock Correction isikutishe ikionyesha −1.4 mara moja ulipoachia mafuta au kubadilisha gia. Inayotisha ni ile inayorudi kwenye mizunguko ileile, presha ileile, kila ukikanyaga. Ikijitokeza baada ya foleni ndefu pekee, fikiria intakula iliyopata moto. Sensa ya joto la hewa kwenye Subaru hizi imo ndani ya sensa ya hewa, kabla ya tabo. Kompyuta haijui kabisa hewa ina joto gani baada ya intakula. Inajua tu pale injini inapoanza kugonga. Kwa hiyo usitafute joto hilo kwenye faili, halimo. Utaliona kwa njia ya pembeni: presha ileile, mizunguko ileile, lakini gramu za hewa zimepungua na taimingi imerudi nyuma.

Presha na asilimia vikiwa sawa na gari bado ni zito, geukia mafuta. Jumlisha A/F Correction na A/F Learning ukiwa kwenye mwendo wa kawaida. Ndani ya asilimia 5 juu au chini ni afya; ikipita 10 kuna jambo. Ikiwa juu kwa silensa pekee (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) na kutulia kwenye mwendo, hewa inaingia bila kupimwa. Ikipanda kadiri mzigo unavyopanda, sensa ya hewa imechafuka au mafuta hayatoshi. Vichujio vya kitambaa vya kupaka mafuta vinaichafua sensa hiyo mara nyingi kuliko wauzaji wanavyokubali. Isafishe kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, si kwa petroli wala brashi, na uiache ikauke kabla ya kuwasha. Mstari wa hewa unaodondoka ghafla na kurudi, huku kasi ya injini haijabadilika, ni waya au soketi ya sensa iliyolegea: tikisa soketi injini ikiwa kwenye silensa na uangalie skrini.

Tahadhari moja ambayo wengi wanaikosa: mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, A/F Correction hukaa sifuri. Kompyuta imeacha kuisikiliza sensa ya eksozi na inafuata ramani. Sifuri hiyo haina maana kwamba mchanganyiko uko sawa.

Na ile vali ya kutoa hewa nje yenye sauti ya "pshh" kila ukibadilisha gia? Hewa inayoitoa ilishapimwa, na kompyuta ilishaimwagia petroli. Kila gia injini inapata mafuta ya ziada, inasita, kisha inashika. Mwenye gari anaita hali hiyo uchelewaji wa tabo. Rudisha vali inayorejesha hewa kwenye mpira wa kuingilia, kisha urekodi tena.

Isichokiona

Kasoro kubwa ya OpenPort 2.0 ni kasoro ya gari lenyewe: inasoma sensa zilizopo tu. Presha ya mafuta haimo. Kwenye injini hizi inapaswa kuwa kama baa 3 juu ya presha ya manifoldi, kwa hiyo tabo ikisukuma baa 1.2, geji ya mafuta isome kama 4.2. Pampu iliyochoka, au kidhibiti cha pampu kilichozidiwa na pampu kubwa kuliko ya kiwandani, huachia ikipata moto, na kwenye faili utaona tu dalili za mbali. Nunua geji. Pima pia volti kwenye pampu yenyewe injini ikiwa kwenye mzigo. Ikiwa chini ya ile ya betri kwa zaidi ya volti 1, kosa liko kwenye nyaya au kidhibiti.

Mchanganyiko halisi kwenye presha unahitaji sensa ya ziada ya eksozi yenye upana mkubwa wa kupima. RomRaider inaweza kuiandika kwenye faili lilelile. Kumisi, yaani plagi kushindwa kuwasha, nako hakuonekani moja kwa moja kwenye orodha ile fupi. Ikiwa presha imeongezwa, mwanya wa plagi wa milimita 0.8 ni mkubwa. Shusha hadi 0.65 na ujaribu tena kabla ya kununua koili nne.

Kwa wanaosafiri kati ya pwani na bara: Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa ni kilopaskali 83 hivi, Mombasa na Dar es Salaam ni 101. Kompyuta ya Subaru inalijua hilo na inajishushia lengo la presha milimani. Gari lililo jepesi Mombasa na zito Nairobi huenda halina ugonjwa wowote. Linganisha mafaili kwa presha kamili, Manifold Absolute Pressure, na uandike mji kwenye jina la kila faili.

Kununua

Waya halisi umekuwa ukiuzwa kwa zaidi ya dola 150 kabla ya usafirishaji, na si kila mwenye gari atazitoa. Kundi la marafiki watatu wanaweza kuchanga, kwa kuwa hautumiki kila siku. Kopi ziko nyingi kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Baadhi zinasoma vizuri, lakini zina udhaifu unaojulikana: tundu la microSD lisilofanya kazi, mawasiliano yanayokatika injini ikipanda mizunguko, na kifaa kinachokufa programu yake ya ndani inapojaribu kusasishwa. Kwa kusoma, kopi inaweza kuvumilika. Kwa kuandika upya kompyuta ya injini, isiguswe, maana uandishi ukikatika katikati gari haliwaki.

Kabla ya kutoa pesa, omba uchomeke kwenye gari papo hapo. Weka kadi yenye logcfg.txt, washa injini, shika mizunguko 4,000 kwa dakika mbili, zima, na ufungue faili kwenye laptopu. Kagua safu ya muda kutoka juu hadi chini. Ukikuta mwanya wa sekunde nzima bila mstari wowote, mrudishie muuzaji.